Gari Dogo la Viti Viwili

Jumatatu, saa sita na robo mchana, fundi saa mstaafu alirudi kutoka kliniki ya macho akakuta gereji yake iko wazi na tupu. Gari lake jekundu la Kiitaliano, la kimichezo, la viti viwili, fupi hata paa lake la turubai halikumfika mtu mzima kifuani, lilikuwa limetoweka. Alikaa sakafuni palepale lilipokuwa likiegeshwa, akalia kama aliyefiwa.

Inspekta alifika saa saba. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machozi ya mzee yalimkera tangu mwanzo. Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo uliokuwa ukining'inia sebuleni, nyuma ya saa ya ukutani.

"Nani anajua ufunguo unakaa wapi?"

"Wanangu wawili. Na yule daktari wa meno, amekuja mara tatu kunibembeleza nimuuzie. Mshike huyo, afande! Gari lile ndilo ujana wangu. Likipotea sina kilichobaki."

Daktari hakuficha tamaa yake. "Nalitaka, nikatae nini? Lakini nilipojaribu kuliwasha injini ilifurika petroli, tukasubiri nusu saa. Na Jumatatu asubuhi nzima nilikuwa nang'oa meno."

Wagonjwa watatu walithibitisha, mmoja akiwa bado na shavu lililovimba.

Mshonaji wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyempa Inspekta cha kushika. "Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Dereva sikumwona, ukuta umeziba. Ila nilishangaa, liliwaka mara moja tu! Wengine wote linawakoholea mpaka wanakata tamaa. Linamtii mzee peke yake."

Basi aliyelichukua alijua siri ya kuliwasha. Mzee alikiri kwa shingo upande kwamba alimfundisha mtu mmoja tu, mwanawe wa kiume, aliyekaa kiti cha pili kila Jumapili tangu utotoni.

Alhamisi saa kumi jioni Inspekta aliwakutanisha mzee na wanawe sebuleni. Mwana alikuwa akitokwa na jasho. Dada yake, muuguzi, alikuwa akimimina chai.

"Nieleze," Inspekta akamwambia mwana, "unaliwashaje?"

"Unavuta choki, unawasha. Kama gari lolote la zamani."

Dada mtu alisonya. "Choki haiguswi! Unakanyaga mafuta mara tatu, unahesabu mpaka kumi, ndipo unawasha. Miaka yote umekaa pale, kaka, hata hilo hukulishika?"

Hakuna aliyenyanyua kikombe.

"Na wewe, dada, ulifundishwa lini?"

"Nani anifundishe? Viti viwili, sisi watu wanne. Mimi na mama kazi yetu ilikuwa kufungua geti. Baba anamwelekeza kaka kwa sauti, kaka anatazama ndege. Mimi nasikiliza."

"Kwa hiyo ulilichukua wewe."

"Nililichukua." Aliweka birika chini. "Sasa muulize baba, mama alikufaje."

"Mwanangu," mzee akasema, "hayo ya nini mbele ya mgeni?"

"Alianguka hapo mlangoni, mvua inanyesha. Hospitali ni dakika nane. Nilikupigia magoti, baba. Ukasema bati la gari lile linaliwa na kutu, tusubiri ambulensi. Tulisubiri saa nzima. Nilimshika mkono mpaka ukapoa."

Inspekta alitamani mwizi angekuwa daktari wa meno.

"Liko wapi?"

"Makaburini, nyuma ya ukuta, karibu na mama. Paa nimelifungua. Tangu juzi mvua haijakatika."

Mzee alisimama, akapiga hatua kumwelekea binti. Mwana akampisha, akidhani baba anakwenda kumwomba binti yake radhi, baada ya miaka kumi na mmoja. Hata Inspekta aliweka kalamu chini.

"Viti," mzee akasema. "Viti umevifunika?"

 Binti alimgeukia Inspekta, akamnyooshea mikono yote miwili.

"Twende, afande."