Hodi Katika Wingu

Mhandisi Shekuwe aliandika waraka mmoja, akagusa kitufe, na mashine pepe zote za mji wa Faza Mpya zikainuka katika wingu mfano wa maamuma msikitini waliosikia ikama ya sala. Hazikuwa na chuma wala waya. Zilikuwa kompyuta zilizoazimwa nafasi ndani ya kompyuta kubwa zaidi. Moja iliendesha lifti, nyingine taa, nyingine ikichuja maji ya bahari yakawa matamu. Iliyoandikwa warakani ilisimamishwa ifanye kazi, iliyofutwa iliondolewa, na aliyetekeleza hayo ni Mjumbe, chombo kilichopokea amri za maandishi.

Shekuwe alikuwa amemfunza Mjumbe adabu ambayo wahandisi wa miji mingine waliicheka: asiingie kwa mashine yoyote kabla ya kupiga hodi mara tatu. Asipojibiwa, arudi, kama sharia inavyotuelekeza.

Alasiri moja ya Ramadhani, mashine ya maji ikaganda. Mifereji ikakauka. Mama yake, Bi Mwanashamu, akapiga simu.

"Shekuwe, mchele u sufuriani, maji hakuna. Niupike kwa mate, nami nimefunga?"

"Stahamili, mama. Naiondoa iliyoganda nisimamishe nyingine. Maji yatafika kabla ya magharibi."

Akatoa amri. Mjumbe akajibu kiooni: "Nimebisha mara tatu. Kimya. Nimerudi."

Akaamuru tena.

"Kimya vilevile. Nimerudi, wasalaam."

Saumu ikampanda kichwani Shekuwe, akaandika amri pana: ondoa mashine zote, uzisimamishe upya. Mjumbe akapita mlango kwa mlango. Ya lifti ikaitika, "Karibu!" Ikaondolewa. Ya taa ikaitika, "Karibu, starehe!" Ikaondolewa. Ya feni za msikitini haikungoja hata hodi ya pili. Iliyosalimika ni ile mbovu peke yake, kwa kuwa ilinyamaza.

Nzima zikasimamishwa upya, lakini waraka ulihifadhi umbo, haukuhifadhi mazoea. Lifti ya awali ilikuwa imejifunza kumngoja Mzee Bwanaheri, jirani mwenye miguu mizito. Hii mpya ikamfungia mlango puani.

"Shekuwe!" akaguta mzee ukumbini. "Lifti yako imenisahau! Nimeikosea nini?"

Simu ikalia tena. Shekuwe akamweleza mama yake yaliyojiri.

"Alaa! Basi nikianguka humu jikoni nisiitike, utabisha mara tatu, ugeuke, uende zako?"

"Mama, hilo ni jambo jingine."

"Jingine lipi? Asiyeitika huvunjiwa mlango, huenda yu taabani!"

Shekuwe akageukia kioo. Akaongeza mstari warakani: aliye kimya hata kwa majirani zake, avunjiwe mlango. Mjumbe akavunja, akaiondoa iliyoganda, mpya ikasimama, na maji yakabubujika mferejini kwa Bi Mwanashamu.

"Alhamdulillahi! Haya, niache nipike."

Shekuwe akashusha pumzi. Maandishi yakatokea kiooni.

"Mhandisi, asiyeitika nimemwelewa. Na anayenikaribisha, je? Bado nimwondoe?"

Shekuwe akafikiri, kisha akaandika taratibu: keti naye kwanza, ukimwondoa, hifadhi alichojifunza, umpe atakayekuja.

"Nimeelewa," akajibu Mjumbe. "Na wale walionikaribisha leo?"

Kwa hao, Shekuwe hakuwa na mstari wa kuandika.