Mwenye Hoteli Asiyeingia Hotelini

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, soko letu lilimsikia mzee Mokaya akizungumza na ukuta.

"Mama Arasa! Namba moja ameamka?"

Ukuta ulijibu kwa sauti ya mwanamke. "Ameamka, tata."

"Namba tatu je?"

"Anaoga."

"Mwambie maji si ya serikali! Abakishie wenzake!"

Mpita njia angedhani mzee amerukwa na akili. Sisi wa sokoni tulimjua. Mokaya alitoka Kisii akiwa kijana, akaja kuchuma chai huku Kericho. Alichuma mpaka wakamfanya nyapara. Alipostaafu, pesa zake zote alizijengea nyumba ya mabati kando ya barabara ya kwenda Bomet. Mbele aliweka meza za kulia chakula. Nyuma ya ukuta, chini ya paa lake lenyewe, kulikuwa na ujia wenye vyumba vya wageni. Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu: MOKAYA HOTELI NA MALAZI.

Chumba cha mwisho katika ule ujia kilikuwa cha mwanawe Ondieki na mkewe, Nyanchoka, ambaye mzee alimwita Mama Arasa kwa jina la mjukuu, naye akamwita mzee tata, yaani baba. Ondieki aliendesha lori la majani ya chai. Nyumbani tulimwona Jumapili tu, tena akiwa amelala. Nyanchoka ndiye aliyetandika vitanda, akafua mashuka, akapokea wageni. Mke wa mzee, Drusilla, alibaki Kisii akilinda shamba.

Sasa, kwa Wakisii baba haingii nyumba yenye kitanda cha mke wa mwanawe. Hiyo ni heshima, na mzee Mokaya aliishika sana. Tena heshima hiyo haigusi miguu tu. Inagusa mdomo pia. Mkwe na baba mkwe hawazungumzi mambo ya kitandani, hata ya blanketi. Na kwa kuwa ujia wote ulikuwa chini ya paa moja na chumba cha Nyanchoka, mzee alilala stoo kando ya jikoni. Tangu vitanda viingie, hakuwahi kuviona.

Kipyegon, jirani yetu aliyeuza maziwa, hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Mzee, wewe ni kama dereva anayesukuma gari lake kutoka nje!"

"Kipyegon, nyamaza. Niambie kwanza, leo ng'ombe wako amekunywa mvua kiasi gani? Maziwa haya naona mpaka chini ya kikombe."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Serikali ilikuwa imetengeneza barabara, na magari ya watalii yalianza kupita kwetu kwenda Mulot, Narok na Mara. Watalii wenyewe walilala katika hoteli kubwa. Madereva wao walitafuta kitanda cha bei nafuu, na wengi walikipata kwa Mokaya. Mzee alifurahi. Julai ilipofika na baridi yake, aliagiza jambo kubwa. Kila mgeni apewe jiko la makaa chumbani. Na madirisha alikuwa ameshayapigilia misumari kwa nje, upepo na wezi wasipite.

"Kwangu mgeni hatetemeki," alijisifu.

Siku moja Landrova ya kijani ilisimama mlangoni. Akashuka mwanamke kijana mwenye mkoba, Tecla, afisa wa utalii. Kwao kulikuwa Boito, si mbali.

"Chamgei, mzee. Nimekuja kukagua hoteli kwa ajili ya leseni."

"Karibu, binti yangu. Kunywa chai kwanza."

"Chai nitakunywa. Lakini tutembee vyumbani kwanza. Tangulia wewe."

Mzee alitazama dari. "Mimi siingii."

"Huingii wapi?"

"Huko."

Tecla aliangalia maandishi ya mlangoni, akamwangalia mzee. "Kwani Mokaya ni mwingine?"

Kipyegon, aliyekuwa amekaa na kopo lake la maziwa, alicheka mpaka akaliangusha.

Nyanchoka akaja, akamwongoza mgeni. Walikaa ndani kwa muda. Wanawake wawili wakiwa peke yao husema mengi. Nyanchoka alimweleza ile heshima. Kisha akashusha sauti.

"Madam, kuna jambo linanitisha. Wageni wanaamka na kichwa kinauma. Mmoja juzi alitapika, akasema ni chakula changu. Mimi nadhani ni jiko. Nilimwambia mume wangu amwambie mzee. Alisema sawa, akalala."

Tecla alirudi mbele, uso hauna mchezo.

"Mzee, leseni sitatoa leo. Ng'oa misumari kwenye madirisha. Na majiko yatoke vyumbani leo hii."

"Kwa sababu gani?"

"Makaa yakiwaka chumba kikiwa kimefungwa, yanatoa hewa ya sumu. Haina rangi, haina harufu. Mtu anaivuta akiwa usingizini, na usingizi wenyewe hauishi tena."

"Hewa isiyoonekana na isiyonuka!" Mzee alipiga meza kofi. "Serikali imemaliza kukagua vinavyoonekana, sasa inakagua visivyoonekana? Binti, sema ukweli. Unataka chai ya aina nyingine?"

"Chai ninayotaka ni hii iliyo kwenye kikombe," Tecla alijibu taratibu. "Sikiliza, mzee. Serikali haiwezi kujenga kila hoteli. Inatengeneza barabara. Inafundisha wapishi na wahudumu. Inawaita watalii kutoka ng'ambo. Mgeni akishafika hapa, amelala mikononi mwako. Akifa kitandani, habari itafika kwao kabla ya jeneza. Magari yatakwepa njia hii. Hatakosa Mokaya peke yake. Atakosa anayeuza mayai, atakosa hata Kipyegon na maziwa yake."

"Na maji yake," mzee aliongeza, lakini hakucheka. "Zile hoteli kubwa za kule mbugani mnazipa mikopo. Mimi nimejenga kwa mgongo wangu. Zawadi yangu ni kunyimwa leseni?"

Tecla alifunga mkoba wake. "Hapo umesema kweli, mzee. Wadogo tumewasahau, na nitalisema hilo ofisini. Lakini hilo halifungui dirisha. Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta misumari, nitafunga hoteli."

Landrova ikaondoka. Mzee hakung'oa kitu. "Atachoka," alituambia. "Baridi ya Julai haisomi sheria."

Wiki iliyofuata alikuja dereva aitwaye Hezekiah, kijana mwenye maneno mengi. Alikuwa anatangulia Mara na vyakula vya kambi, watalii wake wakiwa bado Kericho mjini. Usiku ulikuwa wa ukungu. Mzee akapaza sauti kupitia ukuta: "Mama Arasa! Namba mbili apewe jiko kubwa!" Nyanchoka alisimama na jiko mkononi. Angemkataliaje baba mkwe? Akalipeleka.

Asubuhi, ukungu ukiwa umewachelewesha watu wa soko, mzee alianza kazi yake na ukuta.

"Namba moja?"

"Ameamka, ameshaondoka."

"Namba mbili?"

Ukuta haukujibu. Kisha ukasikika mlango ukigongwa, mara polepole, mara kwa ngumi.

"Tata! Haitiki! Amefunga komeo kwa ndani!"

"Gonga tena!"

"Nimegonga! Tata, njoo!"

Mzee alifika mwanzo wa ujia, miguu ikagoma. "Mwite Kipyegon!"

"Kipyegon hajafika. Ondieki hayupo. Tuko mimi na wewe."

Mzee alishika mwimo wa mlango. Alikuwa mtu wa miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka mstari huo. Ndipo Nyanchoka akafanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Alifunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo, akapitia mlango wa nyuma hadi uani, akapaza sauti kutoka huko.

"Tata, nimetoka! Ndani hakuna kitu changu. Kuna mgeni tu. Ingia!"

Mzee akaingia. Alipiga bega kwenye mlango, ukakataa. Akapiga tena. Nje, Nyanchoka aling'oa misumari ya dirisha kwa jembe, mmoja baada ya mwingine. Mlango na dirisha vilifunguka karibu pamoja. Baba mkwe na mkwe wakatazamana, kitanda kikiwa kati yao. Siku nyingine wangefunika nyuso. Siku hiyo hakuna aliyegeuka.

"Shika miguu, mama!"

"Nimeshika, tata!"

Walimpitisha Hezekiah dirishani, wakamlaza kwenye nyasi zenye umande. Alikuwa mzito, kimya kabisa. Nyanchoka alimlegeza kola. Mzee alimwita jina lake tena na tena, kama mtu anayeita ng'ombe gizani. Mwisho kifua kikapanda. Akakohoa, akatapika, akafungua jicho moja.

"Gari langu liko wapi?" aliuliza.

"Ewe mtu," mzee alisema huku machozi yakimtoka, "uliza kwanza wewe uko wapi!"

Kipyegon alipofika, aliacha maziwa akasaidia kutafuta gari la kwenda hospitali. Hezekiah alisema haina haja, ameshapona. Hospitalini daktari alimwambia kwamba wengi husema hivyo, kisha wakaanguka jioni.

Siku nzima mzee alikaa nje, akilitazama lile dirisha.

"Mama Arasa," alisema mwishowe. "Uliona dalili?"

"Niliona, tata."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nyanchoka alitazama chini. "Ningeanzia wapi? Kwa kitanda, au kwa mtu aliyelala kitandani?"

Nadhani hilo ndilo lililomwingia mzee kuliko maneno yote ya serikali. Heshima ilikuwa nzuri, lakini yeye alikuwa ameijengea mahali pasipofaa. Alikuwa ameweka kazi na nyumba ya mkwe chini ya paa moja, kisha akaviziba vyote viwili kwa misumari.

Alikwenda Kisii, akaongea na Drusilla na wazee wa kwao. Wazee walisema kuokoa mtu si kuvunja heshima. Aliporudi alikuja na mafundi. Upande wa pili wa ua walijenga nyumba ndogo, yenye jiko lake na mlango wake. Nyanchoka, Ondieki na mtoto wakahamia huko. Chumba cha mwisho kikawa cha mgeni. Misumari yote ilitoka. Madirisha yakapata vyuma vya kuzuia wezi, na nafasi ya hewa juu. Majiko yakarudi jikoni. Kitandani ziliongezwa blanketi, na chupa ya maji moto kwa mwenye baridi.

Mwisho wa mwezi Tecla alirudi. Safari hii mzee alitangulia. Alifungua kila mlango, akafunua kila godoro, akamweleza habari ya ile hewa kana kwamba ameigundua yeye.

"Haina rangi, binti. Haina harufu!"

"Kumbe?" Tecla alisema, akiuma midomo. Akampa leseni. Akamwambia pia kwamba ofisi imekubali Nyanchoka aende mafunzo mafupi ya wahudumu wa hoteli, Kisumu. Kuhusu mikopo ya hoteli ndogo, bado wanajadiliana.

"Endeleeni kujadiliana," mzee alisema. "Mimi nitaendelea kuuliza."

Hezekiah bado analala kwetu kila safari, na huleta wenzake. Sikukuu moja alileta hata watalii wawili, mume na mke. Wanalalamikia jambo moja tu. Alfajiri, mzee Mokaya hupita kwenye ujia wake mwenyewe, kwa miguu yake, akigonga kila mlango.

"Namba mbili! Uko hai?"

"Niko hai, mzee! Niache nilale!"

"Vizuri. Sasa lala."