Midomo Chini ya Stika

Saa kumi na moja jioni jua lilikuwa tayari linazama, kama linavyozama mjini Toledo kila Novemba, Lenore alipoegesha gari mbele ya nyumba ya marehemu mchoraji wa majalada ya vitabu. Alikuja kuchukua boksi moja tu. Humo mlikuwa na vitabu vitano vya jalada laini vya miaka ya hamsini, vile vya kusoma kwenye treni na kutupa ukifika.

Lenore hakuwahi kusoma hata kimoja. Alichotaka ni picha za juu. Kwa miaka thelathini alikuwa akiziorodhesha: kitabu kipi, mwaka gani, nani alichora, na nani alikaa kitako achorwe. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima raha. Wachoraji wa enzi hizo walichora wake zao, majirani zao, hata muuza maziwa. Na mwanamke mmoja mwenye nywele nyeusi na kidoti shavuni, aliyejirudia jalada baada ya jalada la mchoraji huyu, alikuwa mama yake.

Mama alitoweka Lenore akiwa na miaka sita. Baba alisema katoroka na mwanamume, akakataza jina lake lisitajwe mezani. Sasa Lenore alikuwa na miaka sitini, na bado alitaka kujua jambo moja kabla hajafa. Mama alimwacha, au hakumwacha?

Marjorie, binti wa mchoraji, alimkabidhi boksi mlangoni. Hakumkaribisha ndani.

"Hizi ni nakala za baba mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Chukua, sitaki kitu. Ila hizo stika usizibandue."

Lenore akachungulia. Majalada yote matano yalikuwa na mama yake. Na kila mdomo wa mama ulikuwa umefunikwa na stika ya bei ya dukani.

"Nani kazibandika?"

"Mama yangu. Baba alikuwa anajifungia na vitabu hivyo kila Alhamisi, anavipaka kitu. Nikipita mlangoni nasikia anauliza swali." Marjorie akaushika mlango. "Na nasikia anajibiwa..."

"Mama yako alikuwa na wivu tu, dada."

"Na mimi nilidhani ni wivu," Marjorie akasema, akafunga mlango.

Kumwambia mkusanyaji wa majalada asibandue stika ni kazi bure. Stika ya bei ni adui wa wakusanyaji wote, na dawa yake ni moja: petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya mafuta. Matone mawili, unasubiri, halafu unainua kwa ukucha taratibu. Lenore alikuwa amebandua mamia. Alipofika nyumbani, kabla hata ya kuvua koti, alikuwa ameshawasha taa ya jikoni na kupanga vitabu mezani.

"Jikoni kunanuka kama kituo cha mafuta," mumewe Walt akapaza sauti kutoka sebuleni, alikokuwa akitazama mechi. "Nyumba ikiungua, mimi naokoa televisheni kwanza."

"Najua. Mimi hata sijiweki kwenye hesabu."

Matone mawili. Akasubiri. Stika ikaja nzima.

Akashika lenzi. Picha ya kuchapwa, ukiikaribia sana, ni vidoti vitupu. Shavu la mama lilikuwa vidoti. Nywele vidoti. Mdomo haukuwa na hata kimoja. Ulikuwa umepakwa kwa brashi, juu ya karatasi, rangi nyekundu nzito.

Akaugusa.

Rangi ilikuwa mbichi.

Harufu ya petroli ikapungua, ikaja nyingine... Losheni ya lozi. Mikono ya mama, miaka hamsini na nne iliyopita, ikimfunga vifungo vya gauni. Akashika ukingo wa meza.

"Lenni..."

Hakuna aliyemwita hivyo tangu utotoni.

"Nani huyo?" Walt akauliza kutoka sebuleni.

"Nani?"

"Huyo mama unayeongea naye."

"Mgeni tu," Lenore akadanganya, na hakujua kwa nini alidanganya. Alipaswa kuacha hapo. Alijua kabisa. Lakini mikono haikumsikiliza. Ikafungua chupa tena, ikamwaga ovyo, ikabandua ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mdomo ulikuwa wazi kuliko uliotangulia. Wa tano ulionyesha meno.

"Lenni. Ulimwambia baba nilikokuwa naenda Alhamisi?"

Akakumbuka. Baba amepiga magoti, anamfunga kamba za viatu, anauliza kwa upole kuliko siku zote. Naye akajibu kwa fahari ya mtoto anayejua jambo la wakubwa: nyumba ya kijani, kona ya pili, inanuka rangi.

"Ndiyo, mama," akanong'ona. "Aliniuliza vizuri."

"Nilikuwa narudi nyumbani. Alinikuta njiani."

Lenore akalia. Mwanzoni alilia kwa furaha, na hakuona haya: hakuachwa. Hakuachwa hata siku moja. Kisha maana ya maneno yale ikamfikia. Baba. Mzee ambaye Lenore kila Jumapili humlisha uji wa maziwa kwa kijiko na kumchana nywele zilizobaki.

"Na yeye, baba yako, yuko wapi?"

Lenore akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Aliwahi kusema mara moja, na mtu akafa. Hasemi tena. Akaziokota zile stika, akazikandamiza juu ya midomo. Gundi ilikuwa imekufa, zikateleza, zikaanguka.

"Yuko wapi, Lenni?"

Akatikisa kichwa. Machozi yakamdondokea vidoleni.

"Mzee Chester?" Walt akajibu kutoka kwenye kochi, macho kwenye mechi. "Yupo nyumba ya wazee, mtaa wa Alder, chumba namba kumi na nne. Atafurahi kupata mgeni."



Harufu ya lozi ikatoweka mara moja. Lenore akatazama mezani. Midomo yote mitano ilikuwa imejifumba.

Akaikimbilia simu, akapiga nyumba ya wazee. Iliita mara nyingi ndipo Yolanda, muuguzi wa zamu, akapokea.

"Afadhali umepiga, Bi Lenore. Mzee ana mgeni. Sikumwona akiingia, ila namsikia, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu. Na mzee anaongea. Yeye ambaye hajatamka neno tangu Agosti."

"Anasema nini?"

"Anaomba msamaha. Neno hilo hilo tu, tena na tena..." Yolanda akasita. "Sauti ya mzee inakwisha. Saa za wageni nazo zimepita. Niingie nimtoe huyo mgeni?"

Neno moja lingetosha. Yolanda alikuwa hatua kumi tu kutoka mlango ule. Lenore aliogopa, na alimpenda baba yake, na vyote viwili vilikuwa kweli alipofungua kinywa.

"Hapana," akasema. "Waache wamalize."

Akakata simu, akaketi mbele yake, akasubiri ilie.