Chupa Isiyopata Wingu

"Mvua imevuka mpaka," sauti ilisema sikioni mwake. "Narudia. Mvua imevuka mpaka."

Sindano alikuwa juu ya pikipiki. Alikuwa anakata kona, Yamaha yake imelala hadi goti linakaribia kugusa lami. Mbele yake gari jeusi lilipita kwenye taa ya njano. Yeye akapita kwenye nyekundu. Dereva wa lori alifunga breki, akatoa kichwa dirishani na kumtukana yeye na ukoo wake wote.

"Nimekusikia, Mkubwa. Mvua iko kwenye buti la Dalali. Kreti moja ya mbao. Anaelekea kwa Daktari."

"Ndani kuna chupa sita za pombe ya zamani ya absinti. Tano ni za kweli. Moja ni sumu. Haina harufu, na kijiko kimoja kikinywewa kinafagia ukoo."

"Nani anaipokea?"

"Ningekuwa najua, ningekuwa nimelala. Jumatatu wakuu wa nchi saba wanakula meza moja hotelini. Injinia wa mabomba ya hoteli hiyo ni mwanachama wa klabu hiyo ya waonjaji uliyojipenyeza. Sisi tunamtazama yeye."

"Na Dalali?"

"Dalali ni punda tu. Anabeba asichokijua. Sikiliza, Sindano. Humgusi mtu mpaka mpokeaji ajioneshe. Hilo ni agizo."

"Sawa."

Alilisema neno hilo kama alivyolisema mara nyingi. Halikumsumbua wakati ule.

Aliiacha pikipiki nyuma ya duka la matairi, akavua koti la ngozi, akavaa sweta ya kijivu. Bastola yake Glock ilikaa mgongoni chini ya sweta. Kipokea sauti na kipaza sauti vilikuwa ndani ya hereni ya kushoto. Alipopanda ngazi tatu za nyumba ya Daktari hakuwa tena Sindano. Alikuwa Binti.

Hilo ndilo jina alilopewa na Daktari. Mzee alikuwa ameng'oa meno ya mtaa mzima kwa miaka mingi, kisha mkewe akafariki, naye akafunga kliniki na kuigeuza chumba cha kuonjea. Kiti cha wagonjwa bado kilikuwa pembeni, kimefunikwa shuka. Kwenye sinia ya chuma iliyokuwa ya koleo sasa vililala vijiko vya matundu. Katikati ya meza ya duara ulisimama mtungi wa kioo wenye mabomba manne membamba, umejaa maji na barafu.

Sindano alikuja hapo mara ya kwanza na uongo mtamu. Alisema baba yake amefariki na kumwachia chupa tatu za kijani asizojua thamani yake. Chupa zilitoka stoo ya idara. Baba yake halisi alikuwa mzima, anafuga kuku. Daktari alilia machozi kwa ajili ya marehemu asiyekuwepo, akamshika mkono na kumfundisha kila kitu. Absinti ni pombe ya mimea, pakanga na shamari. Haichomwi moto, hayo ni mambo ya walevi wa sinema. Unaweka sukari juu ya kijiko, unadondosha maji baridi taratibu, nayo yanaamsha mafuta ya mimea, na kinywaji kinageuka kama maziwa. Wanaklabu, waliokutana kila Jumamosi, waliliita hilo wingu.

"Ikikosa wingu, mwanangu, ni spiriti iliyopakwa rangi," alimwambia. "Imwage hata kama amekupa mfalme."

Siku moja alimnong'oneza siri. Pua yake ilikuwa imekufa. Hakuwa ananusa tena hata moshi. "Ukiwaambia hawa, wataniondoa uenyekiti," alisema huku akicheka. Sindano hakuwaambia. Aliiandikia idara tu, kwenye ripoti, chini ya kichwa cha udhaifu wa mwenyeji.

Sasa mlango ulifunguliwa, na mzee alikuwa amevaa tai.

"Karibu, Binti yangu! Leo umechelewa, na leo ndiyo siku yako."

"Siku yangu gani, Baba?"

"Mtazameni! Amesahau siku aliyozaliwa!"

Moyo wake ulishtuka. Ilikuwa tarehe iliyotungwa na karani wa idara, ikachapwa kwenye kitambulisho cha bandia. Yeye mwenyewe aliitaja mara moja tu, kwa kupita. Mzee alikuwa ameishika.

Ndani walikuwepo watatu. Dalali, mnunuzi wa vitu vya kale, mwenye pete nyingi kuliko vidole. Injinia, mtu mrefu asiyemaliza sentensi. Na Mwalimu wa Muziki, mama mnene mcheshi, kiongozi wa kwaya, aliyejulikana kwa kutumbukiza pua nzima ndani ya glasi na kuimba jina la kila mmea anaounusa.

Kreti ilikuwa mezani, imefunguliwa. Ubishi ulikuwa umepamba moto.

"Ya kale ni dhahabu," Dalali alisema. "Hizi za sasa zinapiga kelele mdomoni. Ya zamani inakuja polepole, kama mkwe."

"Mkwe wako wewe," Mwalimu alisema. "Za sasa zina uhai. Kijani unakiona! Hiyo ya zamani rangi yake kama jani kavu, na bei yake kama ya shamba."

"Jani kavu ndiyo sifa," Injinia alisema. "Kijani kikikaa miaka mia, kinakuwa..."

"Kinakuwa nini?"

"Si ndiyo hiyo."

"Kipya kinyemi ingawa kidonda, Mwalimu," Daktari alisema, na wote wakacheka. Kisha akainua chupa moja kwa mikono miwili kama anayembeba mtoto wa kuogeshwa. "Mwenyekiti huchagua kwanza. Nimeichagua hii, nimeilipia, na naifungua leo kwa ajili ya Binti. Ona, imejaa mpaka shingoni! Nyingine zote zimepungua, pombe ikipotea kupitia kizibo. Hii haijapoteza hata tone. Sijawahi kuona iliyotunzwa hivi."

Sindano aliitazama. Imejaa mpaka shingoni. Miaka mia, na kizibo hakijavuja hata kidogo.

Aliyeijaza, aliijaza juzi.

"Mwenyekiti," Mwalimu alisema kwa sauti laini, "hiyo ni mali. Usiifungue. Niuzie mimi, nitakurudishia na faida. Binti tumfungulie nyingine."

"Kinywaji ni cha kunywa. Nitamuachia nani? Kiti cha meno?"

"Mwalimu ana haki," Injinia alisema. "Thamani yake..."

Wawili walikuwa wamepinga. Mpokeaji angeweza kuwa yeyote kati yao.

"Tulia," Mkubwa alisema kwenye hereni. "Subiri Injinia."

Kizibo kilitoka. Kila mtu alimiminiwa pombe ya kina cha kidole kimoja. Desturi ya klabu ilikuwa moja, na haikuvunjwa hata siku ya msiba: mwenye chupa huwekewa maji kwanza na huonja kwanza. Wengine hushika glasi zao kavu puani na kusubiri neno lake.

Daktari aliweka kijiko, akaweka kipande cha sukari, akafungua bomba.

Tone.

Tone.

Sindano alikuwa anatazama chini ya kijiko. Maji yaliingia, yakazunguka na kupotea. Hakukuwa na utepe mweupe wala ukungu. Kinywaji kilibaki angavu kama chai ya rangi.

Alijua. Pale pale, sukari ikiwa bado ina pembe nne, alijua.

Mkono wake ulitaka kuruka. Hakuuruhusu. Akajiambia: bado, hajainua. Akajiambia: anayejua kilichomo ataogopa hata kutia pua kwenye glasi yake. Ngoja umwone. Ilikuwa hesabu safi, hesabu ya kazi. Kwenye upande mmoja wa hesabu ile alikuwepo mzee mwenye tai.

"Inachelewa," Daktari alisema huku ameinamisha kichwa. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na furaha. "Za zamani sana huwa hivi, zina haya. Mafuta yamelala usingizi mrefu. Tuiongezee maji."

Mgeni yeyote angesema hiki kinywaji ni kibovu. Mpenzi wa kweli peke yake ndiye aliyeweza kukitungia udhuru.

Sukari ililainika. Ikainama. Ikaanguka kwenye matundu. Ikaisha yote.

Dalali alikuwa na glasi puani, amefumba macho. Injinia alikuwa na glasi puani, amekunja uso.

Mwalimu wa Muziki alikuwa amesukuma kiti nyuma. Glasi yake ilikuwa mbali naye mezani, imefunikwa kisahani.

"Heri ya kuzaliwa, mwanangu," Daktari alisema, na akainua glasi mdomoni.

Sindano aliruka.

Kiganja chake kiliipiga glasi ikagonga kiti cha meno na kupasuka. Mtungi ulipinduka. Barafu ilitapakaa mezani na mzee akaenda chini na kiti chake.

"Wekeni chini! Msinywe! Ni sumu!"

Dalali alitupa glasi kama ameshika kaa la moto. Mwalimu alikuwa tayari ameshainyakua chupa na kupita mlango wa jikoni. Kwa unene wake alikimbia vizuri ajabu.

"Si Injinia!" Sindano alisema akikimbia. "Ni Mwalimu! Mlango wa nyuma!"

"Mwalimu?" Mkubwa alifoka. "Kwaya yake inaimba hotelini Jumatatu! Inaingia na vyombo vyake!"

"Ndiyo hivyo."

Jikoni, ukumbini, uani. Mwalimu alirusha kapu la nguo. Sindano aliliruka. Kwenye uchochoro wa nyuma kulikuwa na Vespa nyeupe, na Mwalimu alikuwa ameshapanda na kuingiza ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili.

"Shuka."

Mwalimu aligeuka. Aliiona Glock. Akainua chupa juu ya kichwa.

"Piga, niiachie! Tufe sote!"

"Iachie. Utalowa viatu. Hiyo inaua kwa kunywewa tu, na wewe unajua kuliko mimi."

"Wewe ni msichana mdogo tu. Wamekulipa ngapi?"

"Kidogo. Shuka."

Mwalimu aliitazama chupa iliyokuwa mkononi mwake. Sindano alipiga hatua, akaichukua chupa kwenye vidole vyake, akachomeka Glock mgongoni na kuizima Vespa. Land Cruiser mbili ziliziba uchochoro. Vijana wa idara walishuka mbio.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mmoja alisema akifunga pingu.

Sindano alimkabidhi mwingine chupa. Methali ile haikuwa ya Mwalimu peke yake.

Alirudi ndani. Dalali na Injinia walikuwa wameshatolewa kuhojiwa. Daktari alikuwa ameketi sakafuni, tai imelowa, anaokota vipande vya glasi na kuvipanga kwenye sinia ya chuma.

"Baba, acha. Utajikata."

"Nimeshika vyenye ncha maisha yangu yote." Hakuinua macho. "Mwalimu?"

"Amekamatwa. Ilikuwa ya wakuu wa nchi wanaokutana Jumatatu. Umewaokoa watu wengi leo."

"Mimi sikufanya kitu. Nilifungua zawadi." Aliweka kipande kingine. "Nilidhani ina haya tu. Wewe uliona saa ngapi kwamba haina wingu?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa analipwa mshahara kwa kazi hiyo, na humu ndani alikuwa ameifanya bila kosa.

"Matone ya kwanza," alisema.

"Sukari ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima."

Mzee aliacha kuokota. Aliutazama mtungi uliopinduka, kisha vijiko, kama anayerudia somo kichwani tangu mwanzo.

"Mimi huweka maji taratibu sana," alisema. "Nilikufundisha hivyo."

"Nilihitaji kuona nani hatanusa."

"Naelewa. Na ulijua mimi sinusi."

Alijua. Aliona aibu. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa na baba aliyekufa, na kwamba angependa kurudi Jumamosi. Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakuwa na faida tena.

"Nisamehe, Baba."

Daktari alisimama kwa kushika meza. Alifuta mikono kwenye suruali, akamtazama kwa adabu ile ile aliyowapa wagonjwa waliokuja mara ya kwanza.

"Asante kwa kazi yako, afisa," alisema. "Mlango wa mbele unakwama kidogo. Usukume kwa bega."

Alikuwa ameusukuma kwa bega kila Jumamosi.

Alisema ndiyo, asante, akausukuma. Nje jua lilikuwa bado kali. Kijana wa idara alimpigia saluti, akamwambia kazi safi. Sindano alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akapita katikati ya magari bila kugeuka, na akatembea kwa mwendo wa kawaida hadi nyuma ya duka la matairi.