Globu za Mzee Apolinari

Globu ilikuwa ya moto. Mwanabaraka aliitoa mkononi mwa mwanawe akidhani mtoto ameiokota juani, lakini kopo la globu zile lilikuwa uvunguni mwa kitanda tangu mvua za El Nino, na hapakuwa na waya wala betri karibu.

Zilikuwa globu za nyuma za pikapu ya Mzee Apolinari, aliyekuwa akileta mkaa Manzese. Alichoka kuzibadilisha kila zinapoungua, akanunua taa mpya za LED kutoka Dubai, zenye vidoti vyekundu badala ya globu. Faraji, mume wa Mwanabaraka, fundi umeme wa magari, alizifunga uani kwao.

"Haziungui hizi, mzee. Utazikwa nazo."

"Tangulia wewe," mzee akajibu, wakacheka.

Kisha Faraji akaingia garini, akakanyaga breki. "Mama Najat, inawaka?"

Mwanabaraka alikuwa akigeuza chapati. Hakuinua kichwa. "Inawaka."

Globu haichagui waya. Vidoti huchagua: ukigeuza nyaya, haviwaki kabisa. Faraji alikuwa hajalijua hilo. Alfajiri iliyofuata, karibu na Mbezi, mzee alifunga breki, na lori lililokuwa nyuma yake halikuona kitu.

Tangu hapo Faraji hakushika tena bisibisi. "Wewe ulisema inawaka," alikuwa akinong'ona. "Basi niliacha waya umelegea, ukachomoka njiani. Nimemuua mie."

Mwanabaraka hakumwambia kwamba hakutazama. Aliogopa kuachwa.

Magharibi ya siku ile ya globu, harufu ya vumbi linaloungua ilitoka uvunguni. Uani, mahali pikapu iliposimama, sauti ya mzee ikauliza polepole, "Inawaka?" Alipojifunika kanga ikauliza mlangoni, na alipomkumbatia mtoto akijaribu kusoma Ayatul Kursi huku ulimi ukimgomea, ikauliza sikioni mwake, karibu kiasi cha kunusa mkaa katika pumzi yake, kwa upole wa mtu asiye na haraka, "Inawaka?"

Faraji, aliyekaa hatua chache tu kutoka pale, hakusikia chochote.

Bi Zubeda, mganga wa Mwananyamala, alifukiza ubani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Jini huyu hakuja na gari, mwanangu. Kaingia kwenye jibu ulilotoa bila kutazama. Kamwambie mumeo. Halafu ujibu upya, kwa macho yako."

Jioni ile alimwambia. Faraji hakufoka. Alikaa mikono magotini, kisha akaleta taa moja iliyopona kwenye ajali, akaiunga kwenye betri uani, nyaya zikiwa vile vile alivyozifunga siku ile.

"Tazama, mama Najat."

"Haiwaki," alisema.

Faraji akainama na kugeuza nyaya. Vidoti vikawaka, vyekundu, baridi, ukuta mzima ukawa mwekundu.

"Inawaka?"

Mwanabaraka alitazama mpaka macho yakamuuma. "Inawaka," alisema. "Nisamehe."

Faraji aliinua kichwa taratibu, nyaya zikiwa bado mkononi.

"Unamjibu nani?" alinong'ona. "Mie sijakuuliza."