Maziwa ya Watu Wawili

Mwaka 1982, Saruni wa Kakesio alipofika Bulgaria kusomea utabibu wa mifugo, kilichomshangaza kwanza hakikuwa baridi. Aliyechunga ng'ombe ukingoni mwa kreta mwezi wa Julai hatishwi na baridi kirahisi. Kilichomshangaza ni kwamba katika bweni lile la ghorofa nane kila mtu alikula peke yake. Mtu alikaanga mayai yake jikoni, akabeba kikaango hadi chumbani, akafunga mlango, akala. Kwao mtu wa namna hiyo angesemwa mpaka wajukuu zake waone haya.

Alipangwa chumba kimoja na Wilibrodi, Mchaga wa Rombo, aliyekuwa ametangulia kwa mwaka mmoja. Huyo Wilibrodi ndiye aliyetupa sehemu kubwa ya habari hii, na hadi leo hapendi kuisimulia jua likiwa limezama. Wakati ule alikuwa bingwa wa mizaha. Alimfundisha Saruni kukausha soksi juu ya mabomba ya joto yaliyopita ukutani, kushika foleni ya kufulia, na kumwamkia kwa heshima mama aliyelinda mlango wa chini.

"Ukimuudhi yule mama, ndugu yangu, utalala stesheni ya treni."

Saruni alicheka, akashika mambo haraka. Jambo moja tu lilimshinda. Wilibrodi alinunua chupa za maziwa kila Jumamosi, na kila Jumamosi Saruni alizikataa.

"Mmasai asiyekunywa maziwa! Kwenu mlikuwa mnakunywa nini, petroli?"

Saruni aliinamia daftari lake. Angemweleza nini? Kwao, kijana akishatahiriwa akawa morani, hanywi maziwa peke yake. Sharti mwenzake wa rika awe ubavuni. Na mwenzake Saruni, aliyetahiriwa naye asubuhi moja, aliyeshirikiana naye kibuyu kila aliporudi likizo kutoka shule, alikuwa Moringe. Kumtaja Moringe ndilo jambo asiloliweza.

Moringe ndiye aliyemsindikiza siku ya safari, sanduku la bati begani. "Nakwenda naye," alimwambia mama yake, Naisula. "Nitamfikisha anakolala." Walitembea siku mbili. Asubuhi ya tatu, katika msitu wa ukingo wa kreta, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba hawakuona miguu yao, nyati alitoka kichakani akampiga Moringe pembe ya paja.

Saruni alilifunga jeraha kwa shuka yake, akamburuta mwenzake hadi chini ya mti karibu na njia. Akampa kibuyu.

"Kunywa, upate nguvu."

"Ninywe na nani?" Moringe alijaribu kutabasamu. "Katafute watu. Ukirudi nao, tutakunywa."

Saruni alikimbia na sanduku lake mpaka Karatu. Alidhamiria kweli kuomba msaada, na hilo tumwekee kwenye mizani. Lakini mbele ya duka la mzee Sulemani lilisimama lori la Arusha, injini inanguruma, na siku hiyo halikuwepo jingine. Ndege yake ilikuwa kesho. Akisema, ni yeye atakayewaongoza watu kurudi msituni. Lori litaondoka, ndege itaondoka, nafasi ya masomo atapewa mwingine. Sulemani alichungulia nyuma yake, maana Wamasai vijana hawatembei mmoja mmoja.

"Leo u peke yako, mwanangu? Mwenzio yuko wapi?"

"Karudi nyumbani, mzee."

Akapanda. Alijiambia atasema Mto wa Mbu. Mto wa Mbu akajiambia Makuyuni. Makuyuni akajiambia Arusha, ambako polisi wapo wengi. Arusha akajiambia kwamba wapita njia lazima wameshamwona. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Saruni ilifika Ulaya.

Mwezi wa Novemba giza lilianza kuingia saa kumi alasiri. Siku moja, Wilibrodi akiwa darasani, njaa na ukiwa vilimzidi Saruni. Alipasha maziwa, akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta pazia kama mwizi. Akanywa funda moja.

Maziwa yalinuka moshi. Si moshi wa jiko. Ni moshi wa kile kijinga cha moto ambacho wanawake wa kwao husugulia ndani ya kibuyu. Aliweka kikombe mezani, akageukia sinki la pembeni kunawa uso. Alipogeuka tena kikombe kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa bado umefungwa.

Wiki iliyofuata Wilibrodi aliingia akipuliza vidole vyake.

"Ndugu, una mgeni hata hunambii? Nimempisha pale ngazini. Mrefu, kajifunga shuka tu na baridi yote hii. Tena anachechemea."

Saruni alishika ukingo wa meza. "Kakuambia nini?"

"Kauliza kama umeshawaambia."

"Kwa lugha gani?"

"Kimasai."

"Tangu lini unajua Kimasai?"

Wilibrodi hakujua Kimasai hata neno moja. Alikaa kitandani na koti lake mwilini, na siku hiyo hakula. Tangu hapo hakumtania Saruni tena.

Mwezi wa Januari ilikuja barua. Aliyeiandika ni mwalimu Evarista wa shule ya Kakesio, kwa maneno ya Naisula, ambaye hakujua kusoma. "Mama Moringe anawasalimu wote wawili. Anashukuru kwamba hamkuachana hata huko mbali. Mwambie Moringe yule mtamba wake amezaa. Maziwa yake mama hampi mtu. Anasema ni yenu mkirudi."

Saruni aliisoma mara tatu. Kisha akalia, akalia kwa sauti, mtu mzima, kichwa juu ya mabomba ya joto. Kumbe kule nyumbani walidhani Moringe amefika naye Ulaya, na hakuna hata aliyemtafuta. Kimya chake kilikuwa kimemzika Moringe, na kwa mama yake kilikuwa kimemwacha hai. Alijiona mchafu, kuanzia ulimi mpaka mikono.

Alasiri ile ile alizisikia nyayo. Zilitoka mwisho wa korido. Hatua moja. Kisha mguu unaburutwa. Hatua. Mguu unaburutwa. Zikasimama mlangoni. Hakuna aliyebisha hodi.

"Umewaambia?"

Ilikuwa sauti ya chini. Ya mtu aliyechoka kungoja, asiye na hasira.

"Bado," Saruni alinong'ona.

Halafu mtu akakaa chini kule nje. Mgongo ukaegemea mlango. Mbao zikalia.

Ikawa hivyo kila siku ifikapo saa kumi. Wilibrodi alihamia chumba kingine. Mama wa mlangoni alipopanda kukagua vyumba alifika nusu ya korido ile, akafanya ishara ya msalaba, akarudi chini. Na kila siku swali lilikuwa lile lile, na jibu la Saruni lile lile. Kilichomtesa zaidi ni kwamba mwenzake hakuwahi kumlaumu.

Mei akaacha masomo. Nafasi aliyoinunua kwa damu ya Moringe akairudisha ofisini kwa barua ya mistari miwili. Walimu walisikitika. Wilibrodi alimsindikiza uwanja wa ndege, na siku hiyo, mbele ya mlango wa kuondokea, Saruni alimweleza yote.

Alifika Kakesio adhuhuri, akaenda moja kwa moja kwa Naisula. Mama alinyanyuka na kibuyu mkononi, uso umejaa furaha, akatazama nyuma ya mgeni wake.

"Mwenzio yuko nyuma?"

Saruni alipiga magoti. Alisema yote: nyati, mti, lori, na lile neno alilomjibu Sulemani. Hakujipunguzia hata moja. Naisula hakupiga kelele. Kibuyu alikishika vile vile.

"Ulimwacha hai?"

"Hai, yeyo, mama yangu."

"Basi twende."

Walikwenda watatu: Naisula, mzee Lengai aliyekuwa shemeji yake, na Saruni akitangulia kuonyesha njia, kazi aliyopaswa kuifanya miezi tisa kabla. Njiani mama hakumsemesha hata mara moja. Waliingia msituni asubuhi ya tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Nyani hawakulia. Ndege hawakulia.

Mti ulikuwepo. Chini yake hapakuwa na mfupa, wala kipande cha shuka, wala kibuyu. Lengai alitikisa kichwa. Fisi hawabakizi, na miezi tisa ni mingi.

Kisha akaacha kutikisa kichwa.

Pale penye mizizi majani yalikuwa yamelala. Yalilala kwa urefu wa mtu mrefu, mguu mmoja umenyooka, mwingine umekunjwa. Kote kuzunguka umande ulikuwa umejaa. Pale palikuwa pakavu.

Lengai aliinama, akaweka kiganja chake juu ya majani. Akakiondoa upesi.

"Pana joto," alinong'ona. "Ameondoka sasa hivi."

Naisula alivua blanketi lake, akalala ubavu palepale, shavu chini mahali kilipokuwa kichwa, miguu yake ndani ya alama za ile miguu. Alifumba macho. Saruni alitaka kwenda kumwinua, Lengai akamshika mkono.

Walisimama wakingoja. Ukungu ulianza kupanda, jua likapenya kati ya miti, na mama hakuinuka mpaka ardhi ilipopoa.