Gurudumu la Mbele

Jumamosi, saa nne kasoro asubuhi, kigari cha mtoto kilichokuwa kimefungwa breki pembeni ya kabati kilikutwa mlangoni, kimeelekea nje.

Fundi ndiye aliyekikuta. Alidhani mkewe amekisogeza ili afagie. Mkewe naye, kule jikoni, alidhani ni mumewe. Hawakuulizana, kwa sababu tangu kigari hicho kiingie nyumbani walikuwa wakisemeshana kwa kununiana.

Haja ya kigari haikuwa na ubishi. Mkewe, Mama Bonge, alipasuliwa mgongo baada ya kujifungua, na daktari akampa amri: atembee mwendo mrefu kila wiki, na asinyanyue kitu kizito. Mtoto mwenyewe hakuwa amefikisha mwaka, lakini ukimbeba unahema. Jina la Bonge hakupewa bure. Hakuwahi kumnyooshea mama yake mikono. Alishajua habebwi.

Njia yao ya matembezi ilianzia pale lami inapoishia: kokoto, mizizi, kisha kilima. Vigari vya bei nafuu dukani vilikuwa na vijigurudumu vya plastiki ambavyo, Fundi alisema, vingekata roho kabla ya kuvuka mtaro. Vyenye tairi za upepo viliuzwa kama vile vina injini. Ndipo aliposikia kuna mwanamke, upande wa pili wa mji, anauza kilichotumika: tairi tatu kubwa zenye meno, springi nzima, mkanda mzima, bei ya kutupa.

Mwanamke huyo hakumkaribisha ndani. Alikisukuma nje ya geti kwa mguu.

"Gurudumu la mbele liache lilivyo," alisema.

Lilikuwa limefungwa kwa waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, na ndani ya waya umepitishwa uzi mweusi. Halikuweza kugeuka kushoto wala kulia.

"Dada, mimi ni fundi baiskeli."

"Nimesikia. Liache lilivyo. Una mtoto?"

"Sasa ningenunua cha nini?"

Mwanamke akafunga geti.

Mwonyeshe fundi kazi mbovu ya fundi mwenzake, hatatulia. Gurudumu la mbele la kigari cha namna ile limeundwa ligeuke. Ukilifunga, kila kona unanyanyua pua ya kigari kwa nguvu za mikono. Fundi alilikata waya kwa koleo alipofika tu nyumbani, akasafisha beringi, akapaka grisi, akalizungusha kwa kidole. Lilizunguka bila sauti. Akaenda kunawa mikono, akarudi na taulo begani, akalikuta bado linazunguka.

"Beringi safi," alisema.

Asubuhi iliyofuata mkewe alisimama mbele ya kigari ameziba pua.

"Kinanuka."

"Grisi hiyo."

"Grisi naijua, nimeolewa nayo. Hiki kinanuka maji yaliyooza. Na tairi zimelowa. Umekiosha?"

"Si umekiosha wewe?"

"Kwa mgongo upi, Baba Bonge?"

Mvua haikuwa imenyesha. Fundi alizifuta tairi kwa kitambaa, na kitambaa kikatoka na tope la kijivu ambalo mtaani kwao halikuwepo.

Jumamosi hiyo kigari kilipokutwa mlangoni, walitoka kama kawaida. Bonge alifungwa mkanda, Fundi akashika mpini, mkewe akafuata nyuma kwa hatua zake za pole. Palipoishia lami kigari kilipita juu ya kokoto kama kinapita juu ya zulia, na Fundi akageuka kumtazama mkewe ili aombwe radhi. Hakuombwa.

Njia iligawanyika. Kulia ni kilimani. Kushoto ni kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, shimo lililojaa maji, ambako watu hawaendi. Fundi alielekeza kulia. Gurudumu la mbele likageuka kushoto.

"Huko unakwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Siendi. Linavuta."

"Fundi wewe, linavutwa na nini?"

Alikanyaga breki, ikashika, aliisikia kabisa ikishika, lakini magurudumu ya nyuma yaliyofungwa yaliburuzwa juu ya kokoto yakichora mistari miwili, na la mbele likaongoza, polepole kwanza kisha kwa mwendo wa mtu aliyeona nyumba yake, huku harufu ya maji yaliyooza ikipanda kutoka kwenye kiti alichokalia mtoto. Alitaka kuuachia mpini akaona akiuachia kitakwenda na mwanawe, akatia visigino ardhini, naye akaburuzwa, na kila alipoipapasa bizimu ya mkanda ili aifungue aliikuta ya baridi na ina utelezi, kama imetolewa majini dakika hiyo, na katikati ya yote hayo Bonge alikuwa anacheka, si kwa baba wala kwa mama aliyekuwa anakuja mbio na mgongo wake ule, bali kwa mtu aliyeonekana kusimama mbele yao, chini, usawa wa maji.

Fundi alikiangusha ubavu kwa uzito wa mwili wake wote. Akakata mkanda kwa kisu cha kazi. Mkewe alimchukua mtoto, akambeba mpaka nyumbani, akilia kwa maumivu bila kutoa sauti. Bonge hakumshika shingo. Alitazama nyuma njia nzima.

Kigari walichokiacha kimelala njiani kilikuwa kimewatangulia. Kilisimama mlangoni, kimeelekea ndani.

Fundi alikifungia kwa mnyororo kwenye banda la vifaa, akapanda baiskeli.

Safari hii mwanamke hakufungua geti. Aliongea akiwa ndani, mdomo karibu na upenyo.

"Umelikata waya."

"Kuna nini kwenye kile kigari?"

"Yuko wa machimboni. Sisi tulikuwa tunapita kule na mwanangu wa kwanza. Yule wa machimboni akampenda. Waya ulifungwa na mganga. Alisema gurudumu likitazama mbele tu, atakwenda anakosukumwa. Likipata kugeuka, anachagua yeye."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia ungekichukua?"

"Nina mtoto, dada."

"Na mimi nimebaki na mmoja. Wa machimboni haondoki mpaka apate nyumba yenye mtoto. Ulitaka nimpe nani, mzee asiye na wajukuu?"

Fundi aliegemeza paji la uso kwenye bati la geti. Alijizuia kutukana, kwa sababu bado alihitaji jibu.

"Mganga yuko wapi?"

"Alishakufa. Kalifunge mwenyewe, shaba na uzi mweusi, liangalie mbele. Kisha kiuze."

"Nakwenda kukivunja vipande vipande."

Kwa mara ya kwanza sauti ya mwanamke ilibadilika.

"Usithubutu. Kile ndicho kinachomfunga. Mganga alisema ukikivunja, atakuja kwa miguu."

Fundi alimpigia simu mkewe palepale getini. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena akiwa juu ya baiskeli, akapiga tena kwenye mzunguko wa barabara huku magari yakimpigia honi, na wakati huo wote simu ilikuwa juu ya kabati la jikoni na mwenyewe hakuwa jikoni.

Alimkuta bandani, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, nyundo miguuni. Mnyororo umefunguliwa. Kigari kilikuwa rundo: bomba zilizopinda, kitambaa kilichochanwa, gurudumu la mbele limegawanyika.

"Nimekimaliza," alisema. "Mgongo ukatike, lakini nimekimaliza. Ungesikia kilivyokuwa kikivuta mnyororo humu ndani."

"Bonge yuko wapi?"

"Amelala. Nimemfungia mlango."

Mlango wa chumba ulikuwa bado umefungwa, funguo mfukoni mwa mama. Kutoka getini mpaka kwenye mlango huo, juu ya saruji kavu, kulikuwa na nyayo za maji na tope la kijivu. Mkewe alifungua. Nyayo ziliendelea ndani, zikaishia kando ya kitanda. Za kurudi hazikuwepo.

Ilikuwa saa kumi na moja na robo jioni. Mtoto alikuwa macho. Alikuwa ameupa mlango kisogo, anatabasamu, na mikono yake yote miwili ilikuwa imenyooshwa juu, kama anayeomba abebwe.